Vibao vya Jumba la Wachina

Badru alikuwa juu ya paa la Jumba la Wachina, kigae mkononi, aliposikia Mwantumu anacheka.

Kucheka si dhambi. Mwantumu ni mtu wa kucheka, na kicheko hicho ndicho kilichomng'oa Badru kwao Nyamwage, akaiacha barabara ya lami na maduka yake, akaja kuishi Salale, mahali ambapo huwezi hata kwenda kuomba chumvi kwa jirani bila kuuliza kwanza kama maji yamejaa au yamepwa. Lakini kicheko cha asubuhi ile hakikuwa cha Badru. Aliyemchekesha alikuwa Nassibu. Badru akalala kifudifudi juu ya boriti, akachungulia kwenye uwazi alioufungua mwenyewe kwa kazi ya halali kabisa.

Aliwaona chini ukumbini, vichwa vimeinamia simu moja. Mwantumu ameshika ufagio kwa mkono mmoja, mkono wa pili kajiziba mdomo, mabega yanamtikisika.

“Huyu ni wewe kweli? Jamani, masikio hayo!”

“Darasa la nne,” Nassibu akajibu. “Na wewe huyu hapa nyuma, unalia. Nilikunyang'anya muwa.”

“Ulininyang'anya kweli. Na hukuniomba radhi mpaka leo.”

“Ndiyo nimekuja kuomba.”

Loo! Kuja kuomba! Kigae kilimponyoka Badru, kikateleza paani, kikaanguka nje kwa kishindo. Wale wawili wakainua vichwa.

“Fundi, salama huko?” Nassibu aliuliza, na neno hilo fundi akalitamka kama mtu anayemwita mchukuzi stendi.

“Salama,” Badru akajibu. “Kigae kibovu.”

Kigae kilikuwa kizima. Kibovu kilikuwa kifua chake, maana tangu Nassibu aliposhuka botini wiki ile, Badru hakulala usingizi wa mtu mwenye akili zake. Angekuwa mwanamume mwingine, Badru asingejali. Lakini Nassibu ni mtoto wa Salale, amekulia nyumba ya tatu kutoka kwa kina Mwantumu, kasoma, kaajiriwa na watu wa makumbusho mjini, na sasa karudi na shati la kupiga pasi kusimamia ukarabati wa jumba. Juu ya yote, miaka mitatu nyuma alimposa Mwantumu, akakataliwa. Mtu aliyekataliwa akirudi anacheka, mwenye mchumba na ashike roho yake.

Jumba lenyewe lilijengwa na Wachina waliokuja zamani kununua majongoo ya bahari na kamba wakavu. Mbele waliweka ukumbi mkubwa wa kukutania na kulaza wageni wao. Nyuma wakaweka chumba kidogo cha kuabudia, na ndani yake Bibi wa Bahari, sanamu ya mti iliyovaa taji, uso umefifia kwa moshi wa udi. Wenyewe wakaisha mmoja mmoja, wengine kaburini, wengine Dar es Salaam. Ufunguo waliuacha amana kwa bibi yake Mwantumu, na alipofariki ukaangukia kwa mjukuu. Kila asubuhi Mwantumu hufungua, akafagia, akafukuza popo, akafunga. Haabudu mle, wala bibi yake hakuabudu. Amana ni amana.

Ila kuna jambo moja ambalo imamu akiligusa wanawake wa Salale hutazama pembeni. Mbele ya yule Bibi kuna vibao viwili vyekundu, umbo la mwezi mchanga, kila kimoja upande mmoja bapa, ndio uso, na upande wa pili una mgongo. Wachina wakiviuliza mambo yao kwa kuvirusha chini. Wachina walipoondoka, wasichana wa Salale wakarithi kurusha. Msichana akiletewa posa, huenda jumbani kwa siri ambayo mji mzima unaijua, akauliza, akarusha. Vikionyesha nyuso vyote viwili, ni ndiyo. Kimoja kikionyesha uso na kimoja mgongo, ni hapana, kwani ndoa gani hiyo, mmoja anakutazama na mwingine kakupa mgongo? Na ukitaka kumkataa mwanamume bila kumvunjia heshima unamwambia tu, vibao vimekataa. Hakuna ugomvi.

Ndivyo alivyoambiwa Nassibu: kimoja juu, kimoja chini, pole kaka. Na Badru alipoleta posa yake mwaka jana, Mwantumu alimjia mbio hadi kwenye karakana, khanga nusu imemdondoka, akamwambia, “Vimekukubali, mtu wa Nyamwage! Nyuso zote mbili!” Maneno hayo Badru aliyabeba mwaka mzima kama hirizi. Kila Bi Maimuna, mama yake Mwantumu, alipomtupia neno kwamba mtu wa lami hajui maji, yeye alijisemea moyoni, na waseme, vibao vilinikubali.

Adhuhuri Mwantumu alikwenda kwao kufuata chakula. Johari akatoka chumba cha nyuma, akapiga makofi kuita juu.

“Kaka Badru, shuka kwanza. Usiiguse boriti kuu mpaka niombe ruhusa.”

Johari ndiye aliyeleta kazi hii. Babu wa babu yake alikuwa mmoja wa waliojenga jumba. Yeye mwenyewe kazaliwa Kariakoo, na ukifumba macho ukimsikiliza hutajua kama ana tone la Kichina.

“Ruhusa ya nani tena?” Badru aliuliza, akishuka ngazi. “Si jumba la wazee wenu?”

“Ya mwenye nyumba.” Akamwonyesha Bibi wa Bahari kwa kidevu. “Mimi siabudu, ndugu yangu, lakini wazee wetu wameniambia, ukigusa boriti kuu bila kumuuliza, sisi hatumo. Nami wazee wale siwawezi.”

Akaviokota vile vibao, akavikutanisha viganjani, akanong'ona maneno ya kwao, akaviachia. Vikagonga sakafu. Kimoja kikalala uso juu. Cha pili kikazunguka kidogo, kikatulia mgongo juu.

“Pole, dada,” Badru akasema. “Amekataa.”

“Amekataa wapi? Mbona huyu ndiye kakubali!”

“Kimoja uso, kimoja mgongo. Hiyo hapana. Hata mtoto wa hapa anajua.”

Johari akacheka mpaka akaketi kizingitini. “Nani kawadanganya? Kimoja juu, kimoja chini, hiyo ndiyo ‘ndiyo’ yenyewe. Migongo miwili ndiyo hapana.”

Badru akavisogelea vile vibao. “Na nyuso mbili?”

“Hapo anacheka.”

“Anacheka nini?”

“Anakucheka wewe. Swali lako hukulipanga, au umeuliza upuuzi. Uulize tena.”

Mlangoni kitu kikaanguka. Ilikuwa futi ya kupimia, na mwenye futi alikuwa Nassibu. Hakuiokota. Alikuwa anamtazama Badru, naye Badru anamtazama yeye, na Johari katikati anageuza shingo huku na huku.

“Kuna nini? Mbona mmebadilika rangi?”

“Kumbe,” Nassibu akasema polepole. “Kumbe nilikubaliwa.”

“Yale yamepita,” Badru akasema.

“Yamepita kwako wewe uliyepata. Mimi nilinyimwa mke kwa vipande viwili vya mti vilivyosomwa kichwa chini miguu juu. Nikahama mji. Unajua nilivyokaa kule? Kila aliyetoka Salale nilimuuliza habari za mji mzima, nyumba kwa nyumba, ili nifike kwao bila kujulikana ninamuuliza yeye.”

“Posa yangu imepokewa. Harusi mwezi ujao.”

“Posa si ndoa, fundi. Atajua. Nitamwambia mwenyewe.”

“Utamwambia ili iweje?”

“Ili achague kwa ukweli. Au wewe unaogopa ukweli?”

Anaogopa! Alikuwa anaogopa, ndiyo. Angeweza kumkunja Nassibu na shati lake akamweka mfukoni, mikono ya seremala si ya kalamu, lakini kofi lingeponya nini? Nassibu akaokota futi yake, akatoka. Badru akamgeukia Johari.

“Dada Johari, nakuomba. Neno hilo lisitoke humu.”

“Mimi sina neno, kaka. Ila yule,” akaonyesha mlangoni, “sidhani kama yake ni ya kuzuilika.”

Punde Mwantumu akafika na sahani imefunikwa kawa. Wali wa nazi na samaki wa kuchoma. Akaketi hatua chache kutoka kwake, kwa adabu, akamwangalia anavyokula. Badru alitaka kusema. Kila tonge alijiambia, likishuka hili, nasema. Matonge yakashuka yote.

“Una nini leo?” Mwantumu akauliza.

“Sina kitu. Umepika vizuri.”

“Na macho hayo?”

“Vumbi la paa.”

Mwantumu akamtazama muda mrefu kuliko vumbi linavyostahili. Kisha akakusanya vyombo, akaondoka, na Badru akapanda tena paani akapigilia misumari kama anaipiga kwa kisasi. Mitatu ikapinda. Moyo wake uligawanyika. Nusu ilisema, mwambie, wewe ni mwanamume. Nusu nyingine, iliyokuwa na sauti kubwa zaidi, ikasema, nyamaza, oa, mwezi mmoja tu, ukishaoa vibao vitamfanya nini?

Alasiri ilipoadhiniwa alikwenda msikitini. Safu zikapangwa. Mahali pa Nassibu palikuwa wazi.

Aliswali, Mungu amsamehe, bila kujua ameswali rakaa ngapi. Alipotoa salamu alitoka mbio. Nyumba ya kina Mwantumu iko ng'ambo ya kijito, na maji yalikuwa yamepwa. Mtumbwi umekaa kwenye tope. Mtu wa maji angejua pa kupita. Mtu wa Nyamwage alijitosa palipo mbele yake, tope likamfika magotini, kandambili moja ikabaki humo hadi leo.

Alipofika barazani alikuta viatu vya ngozi vimepangwa mlangoni, vikavu. Mwenye viatu alijua njia.

“Hodi,” akasema.

“Karibu,” sauti ya Bi Maimuna ikajibu. “Loo, mwanangu! Umekuja na kijito chote? Kaa hapo hapo, usinipandie mkeka.”

Bi Maimuna alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Nassibu ameketi mkekani, kikombe cha chai mkononi, hajakinywa. Mwantumu amesimama mlangoni, kaegemea fremu, mikono kaifunga kifuani. Hakuwa anacheka. Badru akajua limeshasemwa.

“Nawe ulikuwepo?” Mwantumu akamuuliza, bila salamu.

“Nilikuwepo.”

“Adhuhuri?”

“Adhuhuri.”

“Na mimi nikaja na chakula.”

Badru akainamisha kichwa.

“Wali umeumaliza. Samaki ukamfyonza mpaka kichwa. Nikakuuliza una nini, ukaniambia vumbi. Vumbi, Badru! Ulikosa nafasi hata ya neno moja kati ya samaki na wali?”

“Niliogopa.”

“Uliogopa nini?”

“Wewe kuondoka.” Sauti ilimtoka ndogo, akaikaza. “Nina wivu, Mwantumu. Sikufichi tena. Tangu huyu ashuke botini nina wivu. Mkicheka naumwa. Mkitazama simu moja naumwa. Mna mambo ya utotoni mimi siyajui, mna miwa yenu, mna njia zenu za kukanyaga tope. Mimi nilikuwa na kitu kimoja tu, vibao vilinikubali. Leo nimeambiwa vilikuwa vinanicheka.”

Mchele ukarushwa kwenye ungo, ukatua.

“Mimi nilisema,” Bi Maimuna akaanza, akiuambia mchele. “Tangu siku ya kwanza nilisema. Mtu wa lami na mtu wa maji, wapi na wapi? Mwana wa jirani yupo, kanawiri, ana kazi yake. Na hivyo vibao! Mwantumu, mtoto wa Kiislamu, ulikwenda kurusha vibao?”

“Mama, nani alinifundisha kuvishika?”

Bi Maimuna akapata jiwe kwenye mchele, akalishughulikia.

Nassibu akaweka kikombe chini. “Sikuja kuvunja nyumba ya mtu. Nyumba yenyewe haijajengwa. Lakini Mwantumu, uliniambia hapa hapa, kwa kinywa chako: Nassibu, ningependa, ila vibao vimekataa. Nami nikakubali, maana sikuona wa kugombana naye. Sasa imejulikana vilikubali. Nina haki ya kuuliza mara ya pili.”

“Unayo,” Badru akasema.

Wote wakamgeukia, hata Bi Maimuna.

“Anayo haki,” akarudia, na kila neno lilimkwaruza likipita. “Kama ulinichukua kwa sababu ya vibao, basi havikunikubali. Sitaki uolewe nami kwa makosa ya kusoma, halafu kila ukimwona huyu uwe unajiuliza. Posa nitaiondoa mwenyewe, Mwantumu. Nitasema tatizo liko kwetu Nyamwage. Wewe hutaaibika.”

Akageuka ashuke barazani. Tope lilikuwa limeanza kumkauka miguuni, linamvuta ngozi. Hakujua angekwenda wapi, ila alijua asingelia mbele ya shati lile lililopigwa pasi.

“Badru! Hebu simama hapo!”

Alisimama.

“Nani kakutuma uondoe posa?” Mwantumu alikuwa ameshuka kizingitini, macho yanawaka. “Adhuhuri unanificha, alasiri unanigawa. Mimi sahani ya biriani? Nimesema nini tangu mmeingia hapa? Mmeniuliza? Huyu anadai haki yake, yule anarudisha posa yake, mama ana mwana wa jirani. Mimi nimeulizwa?”

Nassibu akasogeza kikombe chake cha chai.

“Haya, niulizeni.”

“Nikuulize nini?” Badru akasema.

“Niulize vyako vilianguka vipi.”

“Najua. Nyuso mbili. Vilinicheka.”

“Havikucheka.” Mwantumu akamtupia mama yake jicho la haraka, akajiuma mdomo, kisha akaona liwalo na liwe. “Vyako vilianguka kimoja juu, kimoja chini.”

Ungo wa Bi Maimuna ukasimama hewani.

“Lakini ulikuja mbio karakana,” Badru akasema. “Uliniambia nyuso zote mbili.”

“Ndiyo. Nilivitazama pale chini, nikaona hapana. Nikakaa. Nikamwambia yule Bibi, mimi na wewe tunajuana, nafagia nyumba yako tangu mtoto, leo unanifanyia hivi? Akanyamaza. Basi nikakigeuza.”

“Ulikigeuza?”

“Kwa kidole gumba cha mguu. Hivi.” Akakunja mguu kwenye mchanga, akapindua kwa kidole kitu kisichokuwepo. “Kikaonyesha uso. Nikafunga mlango nikakimbia kabla sijaona haya. Mwaka mzima naswali nikiomba nisamehewe, nikijua nimeolewa, au nitaolewa, kwa ujanja wangu. Ndiyo maana hukuniona nikivitaja tena. Wewe ndiye ulikuwa ukivitaja.”

“Astaghfirullahi,” Bi Maimuna akanong'ona, lakini hakuonekana kuudhika kama alivyotaka kuonekana.

Badru alitaka kusema kitu cha kiume, kitu cha kukumbukwa. Akasimama tu na mguu wake mmoja wenye kandambili, machozi yanamtiririka mbele ya shati la pasi na mbele ya mama mkwe, wala hakuyafuta.

“Na usidhani nimekusamehe ule wali,” Mwantumu akamwambia. “Hilo tutaongea.”

“Tutaongea,” Badru akakubali.

Nassibu alikuwa amekwisha kuinuka. Akavaa kiatu kimoja, akakaa na kingine mkononi kama hajui ni cha mguu upi. Mtu mwingine angeondoka kimya, akaokoa alichobakiwa nacho. Lakini alikuwa amekaa na swali lake miaka mitatu, na sasa limebadilika umbo mbele ya macho yake.

“Mwantumu,” akasema. “Vyangu navyo vilianguka hivyo hivyo. Kimoja juu, kimoja chini.”

“Ndiyo, kaka Nassibu.”

“Mbona vyangu hukuvigeuza?”

Mwantumu alimtazama. Hasira ilikuwa imemtoka, na kilichobaki usoni mwake kilikuwa huruma, ambayo kwa mwanamume anayependa ni mbaya kuliko tusi. Alifikiri kweli, kama mtu anayetafuta jibu la kumsaidia mwenzake, asilione.

“Haikunijia akilini,” akasema. “Wallahi, Nassibu. Haikunijia akilini.”